Mkono wa Mwalimu Zukeran Haukuwa Wako Kuufunga

Mgeni rasmi, Bwana Kusakabe Noritsugu, Mwenyekiti wa Kamati ya Ufundi ya chama chenu cha karate kule Tokyo. Wajumbe mlioongozana naye. Wazee wa kitongoji chetu cha Uenbaru, hapa Okinawa. Wazazi na wanafunzi wenzetu:

Anayeisoma risala hii ni Tamayose Chikako, msaidizi wa daktari wa meno na mwanafunzi wa hapa tangu akiwa darasa la tatu. Sauti ni yake, maneno ni yetu sote.

KARIBU

Mgeni rasmi, tunakukaribisha Uenbaru. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Vuli iliyopita ulipokuja kisiwani kwetu, mwenyeji hakupona, aliugua. Kwa hiyo leo usitusikitikie ukiona nyuso zimekunjamana. Hatujafiwa. Tumekasirika.

Katibu wako alitupa maelekezo kwamba risala iwe fupi, itaje historia, mafanikio na changamoto, kisha imalizike kwa shukrani. Historia tutaitaja. Ufupi hatuahidi.

Umekuja kwa mambo mawili. La kwanza ni kutundika kibao juu ya mlango huu, kinachosema kwamba hapa ni mahali pa karate ya jadi ya Japani. La pili ni kumrekodi mwalimu wetu kwa video akifanya mfuatano wa mapigo na mikingo aliorithi kwa babake, ili video hiyo ifundishwe nchi nzima kuwa ndiyo sahihi. Tutakujibu yote mawili. Lakini kwanza tutakusimulia, kwa sababu tunaamini hujui ulichokifanya. Kama unajua, basi ni vibaya zaidi.

TULIKOTOKA

Mwalimu wetu ni Zukeran Hatsue. Umri wake umeshapita sabini. Hapa hakuna asiyewahi kula tambi zake za mbavu za nguruwe, maana kibanda chake cha njia panda ndicho kilichowalea nusu ya waliokaa humu ndani.

Babake, Mzee Zukeran Matsusuke, alikuwa mkulima wa miwa. Alifundishwa na mjomba wake kabla ya vita, kwenye ua wa mawe ulio mbele ya kaburi la ukoo, kwa sababu ua ule ni mpana na hauonekani kutoka barabarani. Wazee wale hawakuwa na mavazi meupe, hawakuwa na mikanda ya rangi, wala hakuna aliyempa mwenzake daraja. Hayo yalitoka Bara, kwenye visiwa vikuu vya Japani, baadaye. Tunayavaa, tunayafunga viunoni, hatuna ugomvi nayo. Hata jina wao hawakulijali. Walisema tii, yaani mkono, basi. Walipolazimika kuandika karate, herufi ya kwanza ilisomeka China, maana huko nako kulikuwa na walimu wa walimu wao. Kisha zama za vita zikaja, China ikawa jina baya, herufi ikabadilishwa ikawa "tupu". Mkono wa China ukawa mkono mtupu, matamshi yaleyale. Na walioketi kwenye kikao cha kuibadilisha wakakubali walikuwa wazee wa kisiwa hiki hiki. Hatufichi hilo. Tunasema tu kwamba kilichobadilishwa juzi kisiitwe cha tangu na tangu.

Vita ilipofika huku kusini, Mzee Matsusuke na jamaa zake walijificha ndani ya chumba cha mawe cha kaburi lile lile la ukoo. Wengine hawakutoka. Yeye alitoka, na hakupenda kuulizwa. Alijenga upya, akalima, akafundisha wanawe wa kiume wawili. Wote wawili waliondoka kwenda kufanya kazi viwandani Osaka, na ua ukabaki na mtu mmoja.

Hatsue hakufundishwa. Mtoto wa kike alipeleka chakula shambani, basi. Lakini alikuwa na macho. Siku moja babake alimkuta katikati ya matuta ya miwa, kapu la chakula liko chini, anaurudia mfuatano wote peke yake. Alijua atachapwa. Mzee akamtazama, akamzunguka, halafu akasema, "Goti lako limelala. Liamshe." Hivyo ndivyo alivyoandikishwa.

Kuna jambo moja la shuleni tunataka ulijue. Mgeni rasmi, wewe si kijana, bila shaka umewahi kusikia kuhusu vile vibao vya mbao walivyovikwa shingoni watoto wa kisiwa hiki kwa kosa la kusema lugha ya mama zao. Hatsue alivikwa. Benchi lilimwangukia mguuni, akalia "agaa", kama kila mtoto wa Uenbaru anavyolia akiumia. Hakupewa dawa ya mguu kwanza. Alipewa kibao kwanza. Akaambiwa hata kuumia kuna namna yake sahihi.

Alifika nyumbani nacho shingoni. Babake alimpeleka uani, wakafanya mazoezi mpaka jua likazama, na kibao kikabaki juu ya jiwe.

SIKU YA UKUMBINI

Sasa tuje kwako.

Mlipoalika madarasa ya kisiwani kwenye maonyesho yenu ya mjini Naha, Mwalimu hakutaka kwenda. Sisi ndio tuliomsihi. Alipiga pasi nguo yake nyeupe mara mbili. Ndani ya basi vidole vyake vilikuwa vikitembea polepole juu ya paja, vinapitia mfuatano.

Ukumbini alisimama peke yake katikati ya sakafu ile kubwa. Akaanza. Ulikuwepo, umeketi mezani na kipaza sauti. Kuna mahali ambapo mkono wa kushoto unapanda ukiwa wazi kando ya sikio, vidole vimetawanyika kidogo, unatulia, halafu unashuka. Mkono ulikuwa bado uko juu uliposema, "Samahani. Mama, simama hapo hapo."

Akasimama. Alidhani labda kuna mtu ameumia.

"Hapa pana kosa tunaloliona sana huku visiwani," ukawaambia watu. "Mkono huu ni wa mcheza ngoma. Karate ya jadi ni roho ya samurai, na hapa mkono unafungwa ngumi."

Watu walicheka kidogo. Ukainuka mezani, ukamwendea, ukamshika kifundo cha mkono kwa mkono wako mmoja, na kwa ule mwingine ukavikunja vidole vyake, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayefunga dirisha la nyumba yake mwenyewe. Halafu ukasema, "Haya, mama. Tangu mwanzo."

Akarudia. Mgeni rasmi, tunaomba wajumbe wako walielewe hilo. Mwanamke wa umri ule, aliyeufanya mfuatano ule tangu hajavunja ungo, alirudia mbele ya ukumbi uliojaa, na alipofika pale akafunga ngumi kama ulivyotaka. Angefanya nini? Alilelewa kumheshimu mgeni. Watu wakapiga makofi. Wewe ukasema, "Mnaona? Elimu haina mwisho." Akakuinamia.

Na kuhusu samurai, tukueleze mara moja tuyamalize. Samurai waliwahi kufika kisiwani kwetu, ndiyo. Walikuja na meli, wakamchukua mfalme wetu, wakatutawala. Roho yao tunaifahamu. Haikutufundisha kurusha ngumi. Labda ilitupa sababu ya kujifunza.

MIEZI ILIYOFUATA

Kwenye basi la kurudi, mwanafunzi mkubwa kuliko sote, Kaka Asato Morihide, fundi wa matrekta, alimpa Mwalimu donge la wali lenye samaki. Alilipokea kwa mikono miwili, akalishika mpaka Uenbaru, akamrudishia.

Siku ya mazoezi tulikuta mlango wazi, sakafu imepigwa deki, Mwalimu hayupo. Alikuwa nyuma ya nyumba anafungia karela kwenye fito. Kaka Asato akaenda kumwita.

"Anzeni nyinyi," alimwambia bila kugeuka. "Mimi mkono wangu haunisikii."

Kaka Asato alidhani ni baridi yabisi, akamletea dawa ya kuchua. Mwalimu akaicheka dawa ile, ndipo akamweleza. Asubuhi, akiwa peke yake, anaanza vizuri. Miguu inajua, nyonga inajua. Akifika pale, mkono unapanda, na vidole vinajifunga vyenyewe. Alijaribu akiwa amefumba macho. Alijaribu polepole, kama mtu anayevuka kijito kwa mawe. Alimwashia babake ubani, akajaribu mbele ya picha yake, na hapo ndipo palipomuuma zaidi, kwa sababu vidole vilijifunga huku babake anatazama.

"Nimekaa na mkono huu maisha yangu yote," alisema. "Leo una adabu za mtu mwingine."

Akaacha. Msimu wa baridi wote hakukanyaga sakafu hii. Aliuza tambi, akafungia karela, akazungumza na watu kuhusu bei ya nyama na harusi za wajukuu zao. Ukimwona ungesema mzima.

Na sisi tulifanya nini? Tuligombana. Tulidhani tutauendeleza mfuatano wenyewe mpaka apoe, tukagundua kila mtu ana mkono wake. Chikako anageuza kiganja kwenye sikio. Kaka Asato anakielekeza mbele. Wengine hawakuwa na uhakika, wakawa wanachungulia wenzao. Kila mmoja aliapa kwamba ndivyo alivyofundishwa. Halafu likaja suala la chama chenu. Kaka Asato akasema, na hajalifuta hadi leo, kwamba watu wa Bara nao wamemwaga jasho vizazi vitatu vinne, na karate yao nayo ni karate.

"Nimefanya nao mazoezi Osaka," alisema. "Ni watu kama sisi. Wanaanguka, wanainuka."

"Basi nenda ukainuke nao huko," Chikako akamjibu.

Darasa likagawanyika. Upande mmoja ulifanya mazoezi ukielekea dirishani, mwingine ukielekea ukutani, watu wanapeana migongo, na hakuna aliyemsalimia mwenzake mlangoni. Mgeni rasmi, katika changamoto ulizotaka tuzitaje, andika hiyo. Umoja wa hapa ulikuwa umeanza kuvunjika kwa ajili ya vidole vitano ulivyovikunja wewe ukaenda zako kula chakula cha jioni.

Ndipo katibu wako alipopiga simu kuhusu kibao na video. Chikako akaipeleka habari kibandani. Mwalimu alikuwa anakata vitunguu. Akauliza kibao kitaandikwa nini, akaambiwa. Akaweka kisu chini.

"Kibao kingine," alisema.

Akafuta mikono kwenye aproni. Halafu akamwambia awaite wanafunzi wote, siku ya kuzuru makaburi, kwenye ua wa ukoo wake. "Na wewe uje na Asato," akaongeza. "Mtembee njia moja. Sitaki kuona mmoja anapita kwenye miwa."

ALIYOTUAMBIA UANI

Siku ile, baada ya ubani na sala, vyakula vilipangwa kwenye mawe kama kila majira ya kuchipua: nguruwe wa kuchemsha, tofu ya kukaanga, mwani, maandazi ya mchele. Tulijua Mwalimu atasema nini. Atasema mkono wazi ni wa kale, umeshuka kwa mababu, na mgeni kutoka Tokyo ni mjinga. Tulikuwa tumeshaandaa hasira ya kupokelea maneno hayo.

Akasema, "Kabla ya vita, baba alikuwa anafunga ngumi pale."

Kaka Asato aliacha kutafuna.

Akatusimulia. Kombora lilipasuka mlangoni pa kaburi lile, hapo hapo tulipokuwa tumeketi, na kipande cha chuma kikakata mishipa ya mkono wa kushoto wa babake. Vidole havikukunjika tena. Alishika jembe kwa kiganja na kidole gumba. Vita ilipokwisha, siku ya kwanza aliyosimama uani kati ya mawe yaliyobomoka, alianza mfuatano, akafika pale, akataka kufunga, mkono ukakataa. Akauacha wazi, akaendelea. Ndivyo alivyowafundisha wanawe, wao wakaiga bila kuuliza.

"Mimi niliuliza," Mwalimu alisema. "Nikamwambia, baba, mkono wangu ni mzima, nifunge? Aliniangalia sana. Akasema, uache wazi. Mkono huu ndio uliotoka kaburini."

Kaka Asato ndiye aliyethubutu kuuliza.

"Kwa hiyo, Mwalimu, yule bwana alikuwa sahihi?"

"Alikuwa sahihi juu ya mkono wa mjomba wa baba," akajibu. "Wa baba hakuuliza."

Mgeni rasmi, utusikilize vizuri hapo. Tungependa sana ungekuwa umekosea tu. Mtu aliyekosea hurekebishwa, mambo yakaisha. Wewe ulikuwa na nusu ya kweli mfukoni, hukujua ni nusu, ukaitoa ukampiga nayo mzee mbele za watu. Ngumi ile huenda ni ya kale kweli. Vitabu vyenu huenda vimeandika vizuri. Lakini mkono ule ulikuwa na sababu, na mwenye sababu alikuwa amesimama mbele yako, anapumua, ana mdomo. Ungesema, "Mama, kwa nini mkono huu uko wazi?" Maneno hayo yangekuchosha nini?

Baadaye Mwalimu aliinuka. Alivua koti, akasimama katikati ya ua, akaanza. Sisi tulibaki tumeketi na sahani zetu. Alipofika pale mkono ukapanda, na tukaviona kwa macho yetu vidole vikianza kujikunja. Akasimama hivyo hivyo, mkono uko hewani, jasho linamtoka. Hakulia. Alisema, "Chikako, njoo unifungulie vidole."

Chikako akaenda. Akavikunjua, kimoja kimoja. Mwalimu akashusha mkono, akarudi mwanzo wa ua, akaanza upya. Alipofika pale akamwita Kaka Asato. Kisha akamwita mwingine, na mwingine, kila mmoja kwa jina lake, mpaka nyama ikapoa na mafuta yakaganda juu ya sahani. Kaka Asato na Chikako walisimama bega kwa bega wakingoja zamu zao za mara ya pili, na hatukumbuki nani alianza kumsemesha mwenzake. Jua lilipoanza kushuka, mkono ulipanda ukabaki wazi bila kuguswa na mtu.

Haukuwa mkono wa zamani. Unatetemeka hadi leo ukifika pale. Lakini ni wake.

Mliomba tutaje mafanikio. Ni hayo.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kibao tunaomba urudi nacho. Si kwamba tunaichukia Japani. Pasipoti zetu zimeandikwa Japani, watoto wetu wanaimba kwa lugha yake, na Mwalimu mwenyewe hakosi mieleka ya Tokyo kwenye televisheni. Lakini mlango huu hautavikwa kitu shingoni.

Video pia haitakuwepo. Mwalimu amekataa kurekodiwa akifunga ngumi, na amekataa kurekodiwa akiwa na mkono wazi, kwa sababu anasema kesho atatokea mwingine wa kumshika mtoto kifundo cha mkono na kumwambia fungua. Kaka Asato haoni ubaya wa video, anaona mfuatano usiorekodiwa utakufa na sisi. Ametaka hilo lisemwe hapa. Limesemwa, na tumekubaliana kutokukubaliana bila kupeana migongo.

Tunaomba, na hili si ombi la adabu, ni ombi la haki, kwamba kwenye maonyesho yenu yajayo ya Naha ushike kipaza sauti kile kile na uwaambie watu ulichosikia leo. Kwa Mwalimu Zukeran mwenyewe usitumie kipaza sauti. Yuko chumba cha pili, nyuma ya pazia lile. Anakusikia.

Risala hii tulimsomea jana. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema tumekuwa wakali mno kwenye aya ya samurai. Tulipotaka kuifuta, akasema tuiache.

Tukimaliza kusoma darasa linaanza. Ukipenda kubaki, safu ya nyuma karibu na dirisha ina nafasi. Sote tulianzia hapo, na hakuna aliyefia hapo. Ukipenda kuondoka, viatu vyako tumeshavigeuza mlangoni, vinaelekea nje, kama adabu inavyotaka.

Wazee waliolala katika mawe ya kisiwa hiki wakulinde njiani, wewe na wajumbe wako. Watufumbue macho sisi na nyinyi kabla hatujakunja vidole vya wenzetu.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Mwalimu Zukeran Hatsue,
Uenbaru, Okinawa.